Naomba ushauri: sarafu ya Aleksandria yenye herufi I na B

Habari za leo wanajukwaa, na shikamooni wakubwa. Naombeni msaada wa macho yenu.

Nina sarafu ndogo nene ya shaba, gramu 5.1, upana milimita 17. Nyuma ina I na B, msalaba katikati, na chini yake ALEX. Hapo sina shaka: kwa hesabu za Kigiriki I ni 10 na B ni 2, yaani numi 12 (numi ndiyo thamani ndogo kabisa ya sarafu za Bizanti, dola la Warumi wa Mashariki), thamani iliyotumika Misri wakati mji mkuu, Konstantinopoli, ulitoa sarafu yenye herufi M, ya numi 40. (Thesalonike nayo ilikuwa na ya 16. Kila mkoa na hesabu zake!)

Kinachoninyima usingizi ni upande wa mbele. Kuna kichwa kimoja chenye taji, kushoto kitu kama nyota, kulia kama mwezi mwandamo. Vikiwa kweli nyota na mwezi, hii ni ya Waajemi wa mfalme Kisra, walioitawala Misri kuanzia 619 hadi 629. Lakini kutu ya kijani imekaa hapohapo.

Nimeiloweka kwenye maji ya betri, yale yasiyo na asidi, siku nne, nikaipiga picha kwa mwanga wa pembeni. Mwezi umejitokeza kidogo, nyota bado.

Maswali yangu:
Kichwa hicho kimoja kinatosha kuiondoa kwenye zile za Heraclius, mfalme wa Bizanti, na mwanawe, zenye vichwa viwili?
Na je, niendelee kuiloweka, au kutu hiyo ndiyo inayoshikilia alama zilizobaki?