Kipindi cha moja kwa moja kinapita muda kwa dakika tatu kila siku, kasoro iko wapi?

Mtayarishaji_Ngara
Habari zenu wadau wa redio hapa Nairobi. Kipindi chetu ni cha mazungumzo, Jumatatu hadi Ijumaa. Habari za saa nne asubuhi zinaisha 10:05:00, nasi tunatakiwa kutoka hewani 10:58:30 ili matangazo ya sekunde 90 yatangulie habari za saa tano. Tuna 53:30 basi. Mgawanyo: mgeni 22:00, simu za wasikilizaji 12:00, kusoma jumbe 4:00, wimbo mmoja 4:10, kufungua na kufunga 2:00, mapumziko matatu ya matangazo ya 3:00 kila moja. Jumla 53:10. Karatasini inatosha, lakini kila siku tunapita kwa dakika tatu hivi na habari zinamkata mtangazaji kabla hajaaga. Lawama zote anabebeshwa mgeni, ila hata akija mgeni wa majibu mafupi, hali ni ile ile. Halafu marudio ya Jumapili hayana matangazo na nafasi yake ni 42:00 kamili. Tufanyeje?

JedwaliKwanza
Mwacheni mgeni. Hesabu yenu imeacha viungo, yaani zile sekunde kati ya sehemu moja na nyingine.

Kila mapumziko yana kibwagizo, yaani kipande kifupi cha muziki wa kipindi, cha kuingia na cha kutoka. Vikiwa vya sekunde 10, mapumziko matatu yanakula 1:00. Kila mkirudi, mtangazaji anamtambulisha mgeni na mada upya, sekunde 25 kwa uchache: 1:15. Simu nazo: kuagana na mmoja, kumkaribisha mwingine, "haloo, unanisikia?", akazime redio yake, sekunde 15. Wapigaji sita wana nafasi tano kati yao: 1:15 tena. Jumla 3:30. Toa zile sekunde 20 zilizokuwa zimebaki, mmezidi kwa 3:10. Hizo ndizo dakika zenu tatu.

Viandikeni viungo kwenye jedwali, kila kimoja na mstari wake. Kisha mgeni apewe 18:00 badala ya 22:00. Jumla mpya ni 52:40, mnabaki na sekunde 50 za akiba. Msizigawe kwa yeyote.

Matangazo pia msiyakadirie. Chukueni orodha ya siku hiyo na kujumlisha urefu halisi wa kila tangazo, maana pumziko la "dakika tatu" huweza kuwa 2:40 leo na 3:20 kesho.

Na maandishi ya kusoma: msitumie kipimo cha maneno kwa dakika kilichotengenezewa Kiingereza. Maneno yetu ni marefu, na tarakimu hudanganya jicho. "2027" inaonekana neno moja, lakini mdomoni ni "elfu mbili na ishirini na saba". Mpeni mtangazaji wenu ukurasa, asome kwa sauti ya hewani, mpime kwa saa. Hicho ndicho kipimo chake, na cha mwenzake ni kingine.

Fundi_wa_Mixa
Nakubaliana na hesabu, ila akiba ya sekunde 50 haitoshi bila kitu cha kuifyonza. Wekeni wimbo mwingine mwisho, mbali na ule ulio kwenye mgawanyo, toleo la ala tupu lisilo na sauti ya mwimbaji, na lenye mwisho unaokatika wazi, si unaofifia. Ukiwa wa 4:10 na mnatoka 10:58:30, uanzisheni 10:54:20 huku fada yake, kile kitelezi cha sauti kwenye mixa, imefungwa. Unacheza kimya, msikilizaji hausikii. Mtangazaji akimaliza kuaga, iwe 10:57:40 au 10:58:05, fungua fada taratibu. Popote utakapokuwa umefika, utaisha 10:58:30 barabara.

Mambo mawili huharibu hapa. Kwanza, kompyuta ya kucheza nyimbo ikiachwa kwenye hali ya kujiendesha, wimbo ukiisha inarusha kinachofuata yenyewe, hata kama si tangazo lenu. Pili, mtu anagusa fada isiyo yake. Wekeni alama ya utepe kwenye ile fada.

Saa zote ziwe na chanzo kimoja. Kompyuta ya studio ipokee wakati kutoka intaneti, nayo iwe ndiyo rejeo. Saa ya ukutani ya kawaida ya betri inaweza kupotea hadi sekunde 15 kwa mwezi. Msirekebishe saa kwa kutazama televisheni ya kingʼamuzi, kwa sababu mawimbi ya dijitali hufika yakiwa yamechelewa sekunde kadhaa.

Mtayarishaji_Ngara
Asanteni sana. Mbona nikiweka 4:10 kwenye Excel jumla inakuwa ya ajabu? Na mgeni akikwama barabarani?

JedwaliKwanza
Excel inasoma 4:10 kama saa nne na dakika kumi. Andika 0:04:10, na seli ya jumla uipe umbizo la [h]:mm:ss.

Mgeni mwambie afike 9:30, hasa anayetoka Rongai au anayepitia Thika Road. Ikifika 9:50 hayupo, mpigie na upime sauti ya simu yake. Ikifika 10:00, amueni: mtamhoji kwa simu, gari likiwa limesimama, au simu za wasikilizaji zitangulie. Msisubiri hadi 10:05.

Bi_Mhariri
Niongeze kuhusu kufunga mazungumzo na mgeni. Ikibaki dakika moja, usimuulize "kwa nini". Uliza swali la jina, tarehe au mahali. Mtangazaji aonyeshwe kadi za 5, 3 na 1, muda uliobaki, wala si saa ilivyo, asije akafanya hesabu huku anaongea. Mkizidi, punguzeni jumbe kwanza. Mpigaji aliyesubiri kwenye laini ana haki yake.

Marudio: rekodini bila matangazo, mnapata 44:30. Kateni vibwagizo vya mapumziko (1:00) na utambulisho wa kurudi (1:15), mnabaki na 42:15. Sekunde 15 zilizobaki zimo ndani ya "tupigie sasa" na kutajwa kwa namba ya studio, ambavyo lazima vitoke hata hivyo, kwa sababu Jumapili hakuna atakayepokea simu. Sikilizeni pia kila "saa hizi ni saa nne na nusu". Hiyo ikibaki, kipindi kinamdanganya msikilizaji.