Naomba ushauri: madawati ya kusimamia darasani

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano huku Urambo, Tabora. Ikifika saa saba mchana bati limeshachemka, nusu ya darasa inasinzia. Dawati la watatu wanakaa wanne, na yule wa pembeni amening'inia tako moja, mguu uko njiani.

Nimesoma kuhusu madawati marefu ya kusimamia. Huko Texas, Marekani, Mark Benden wa Chuo Kikuu cha Texas A&M aliyapima kwa wanafunzi wa shule za msingi, wakaonekana kutumia nguvu nyingi zaidi mwilini kuliko wa madawati ya kawaida. Lakini wale walikuwa na stuli ndefu, mtoto akichoka anakaa. Na hofu ya kule ni unene. Wangu wengine wanatembea kilomita nne kuja shule, hawajatia kitu tumboni. Halafu kwetu kusimama darasani ni adhabu!

Nilichowaza ni meza mbili tu ndefu ukutani nyuma, zisizibe ubao, anayesinzia aende mwenyewe. Fundi anataka mninga, bei yake siiwezi. Paini anasema itapinda. Na urefu je? Nimepima viwiko vya watoto vikiwa vimekunjwa: mfupi sentimita 78 kutoka chini, mrefu 101. Darasa hilo hilo moja.

Aliyewahi kujaribu alifanyaje? Na wathibiti ubora wakija, niwaambie nini?