Mrejesho: Mbwa wangu wawili wamefika Uingereza

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kusafiri na mbwa wangu wawili kutoka Köln, Ujerumani, hadi kwa dada yangu Uingereza, kwa kuwa treni za Eurostar za kwenda London hazipokei mbwa wa kufugwa, nami nafurahi kuwajulisha kwamba tumefika salama. Tulipanda meli kutoka bandari ya Hoek van Holland, Uholanzi, hadi Harwich, Uingereza, kama mlivyonielekeza. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikwisha kuandikwa katika pasipoti zao za Umoja wa Ulaya, lakini kilichotuokoa hasa ni kunikumbusha dawa ya minyoo tegu, ambayo daktari wa mifugo lazima aitoe na kuiandika kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia.

Bandarini, kifaa cha kusomea chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi kilipopitishwa shingoni, yule mkubwa alidhani anakunwa, akalala chali miguu juu mbele ya mhudumu, na foleni nzima ikaangua kicheko. Dada naye, ingawa kwetu Tanga mbwa hakanyagi sebuleni, sasa anawakatia nyama mwenyewe. Nawashukuru sana. Atakayekwenda Norwei ajue kwamba dawa hiyohiyo inahitajika huko pia.