Vidole vinakufa ganzi kila majira ya baridi: nifanyeje ili damu izunguke vizuri?

Binti Subira aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Naishi mwaka wa nne sasa katika nchi yenye majira ya baridi kali. Miaka miwili ya mwanzo sikupata shida yoyote, lakini tangu mwaka jana, nikitoka nje kwa dakika kumi tu, vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, na mara chache vya kushoto pia, hupauka kuanzia nchani hadi kwenye pingili ya pili, na mpaka kati ya sehemu iliyopauka na sehemu yenye rangi yake huonekana wazi kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Juzi nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi nikashindwa kuugeuza, kwa sababu sikuwa nausikia kabisa kati ya vidole. Nilipoingia ndani, damu iliporudi, maumivu yake yalikuwa kama ya kuchomwa sindano nyingi kwa pamoja.

Nina umri wa miaka 36, sivuti sigara, na kazi yangu ni ya kukaa mezani saa nane kwa siku. Naishi na mama yangu mwenye miaka 67, ambaye ana kisukari na presha, na nyayo zake huwa za baridi hata akiwa kitandani, kwa hiyo kila usiku namwekea chupa ya mpira yenye maji ya moto miguuni. Naomba mnisaidie kujua namna ya kuzuia hali hii kwangu na kwake kabla baridi haijakolea.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Dada, pole sana. Naomba nianze na mama, maana kwake ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Tafadhali acha kumwekea hiyo chupa miguuni kuanzia usiku wa leo. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu anaweza kuungua bila kuhisi chochote. Nimewahi kumhudumia mgonjwa aliyeamka asubuhi na lengelenge kubwa kisiginoni, akashangaa kuliona kwa sababu usiku kucha hakusikia maumivu, na kidonda kile kilichukua miezi kupona kwa kuwa damu inayofika mguuni ni kidogo. Pasha kitanda moto kabla hajalala, kisha iondoe chupa anapopanda, umvalishe soksi za sufu zisizobana kifundoni. Akitaka kuosha miguu, maji yawe ya uvuguvugu, na ayapime mtu mwingine kwa kiwiko. Kagua nyayo zake kila siku, hata katikati ya vidole.

Sasa nieleze kwa nini vidole ndivyo vinavyotangulia kupoa. Mwili hujitahidi kubaki kwenye nyuzi joto 37 hivi katika viungo vya ndani, yaani moyo, ini, ubongo na vinginevyo. Ngozi inapopigwa na baridi, mishipa ya fahamu huiamuru mishipa midogo ya damu ya vidole, pua na masikio isinyae, ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Kwa hiyo mtu anayevaa glavu nene juu ya koti jepesi anahangaikia mahali pasipo penyewe. Vaa kwanza fulana ya ndani inayoushika mwili, sweta, skafu na kofia, kwa sababu kiwiliwili kikiwa na joto la kutosha, mwili wenyewe huruhusu damu iende vidoleni. Glavu za kukusanya vidole vinne mahali pamoja hutunza joto vizuri kuliko zenye vidole vilivyotengana. Kuhusu viatu, watu wengi huvaa soksi mbili ndani ya kiatu kile kile, kiatu kikabana, na miguu ikazidi kupoa. Afadhali soksi moja nzuri ya sufu na nafasi ya kuchezesha vidole. Soksi ya pamba ikilowa jasho, ibadilishe mara moja, maana unyevu hunyonya joto upesi mno.

Mwenye Vidole Vya Baridi alijibu:

Dada Subira, ulivyoeleza mpaka huo wa rangi ni kama umeeleza mkono wangu. Hali hii huitwa ugonjwa wa Raynaud, kwa jina la Maurice Raynaud, daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1862. Mishipa ya vidole hubana kupita kiasi, vidole vikapauka, kisha vikawa na rangi ya buluu, na damu inaporudi vikawa vyekundu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, rangi hizo huonekana vizuri zaidi upande wa kiganja na chini ya kucha, na nadhani ndiyo maana wengi wetu tunachelewa kutambuliwa.

Aina ya kawaida haina madhara makubwa, na mara nyingi huanza ujanani, kabla ya miaka 30, katika mikono yote miwili. Wewe umeanza ukiwa mtu mzima, tena upande mmoja zaidi, kwa hiyo ningekushauri umwone daktari, na umweleze pia kama una maumivu ya viungo, ngozi inayokakamaa au vidonda kwenye ncha za vidole, kwa sababu hali hii inaweza kufuatana na magonjwa mengine kama lupasi, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Mpelekee na orodha ya dawa zako zote. Baadhi ya dawa za kuzibua pua, za kipandauso na za kupunguza mapigo ya moyo hubana mishipa ya vidole, na watu hawaziwazii kabisa.

Vidole vikishapauka, usivisugue wala usivitumbukize katika maji ya moto. Viweke kwapani, au zungusha mkono wote kama pangaboi mara kadhaa, ili damu isukumwe hadi nchani. Mimi huvaa glavu nikiwa bado ndani, mikono ikiwa na joto, kwa kuwa glavu hutunza joto lililopo lakini hailetei joto mkono uliokwisha kupoa. Nilipojifunza hilo tu, vipindi vyangu vilipungua kuliko kwa kitu kingine chochote. Wale wanaosumbuliwa sana, daktari huweza kuwaandikia nifedipini, ambayo hulegeza mishipa.

Mtembea kwa Miguu alijibu:

Naongeza machache. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosukuma damu kutoka miguuni kurudi moyoni, nayo haifanyi kazi mtu akikaa tuli. Simama kila baada ya nusu saa hivi, inua visigino mara ishirini, kisha urudi kazini.

Kwa mama, mwangalie anapotembea. Akipata maumivu katika shavu la mguu ambayo hupoa akisimama na kurudi akiendelea kutembea, huenda ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu huko, zimekuwa nyembamba, na hilo halitibiwi kwa soksi. Baridi pia hupandisha presha, basi mpime mara kwa mara, na chumba chake kisishuke chini ya nyuzi 18, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na maumivu, msisubiri kesho. Yaweza kuwa damu imeganda. Na mtu asiwadanganye kwamba pombe inapasha mwili moto: hufungua mishipa ya ngozi, ukahisi joto, kumbe joto ndilo linakutoka.

Binti Subira aliandika:

Nawashukuru sana. Chupa nimeiondoa, na jana usiku nilipokagua miguu ya mama nilikuta alama nyekundu kwenye kisigino cha kushoto ambayo hakuwa ameihisi, kwa hiyo kesho tunaenda kliniki. Kuhusu dawa, nimeshtuka. Natumia propranololi kwa ajili ya kipandauso, na niliianza miezi michache kabla ya majira ya baridi ya mwaka jana. Je, niiache?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Usiiache ghafla, dada. Hiyo ni kati ya dawa zinazojulikana kwa kuvifanya vidole vipoe, lakini hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, ambaye anaweza kukubadilishia nyingine ya kipandauso. Andika tarehe uliyoianza na tarehe vidole vilipopauka mara ya kwanza, umpelekee kesho hiyo hiyo unapompeleka mama. Kidole kikipauka tena kabla ya hapo, kipige picha upande wa kiganja, maana mara nyingi ukifika kliniki huwa kimeshapona.