Eksirei inasema potasiamu kibao, majani yanasema hakuna. Nishike lipi?

MwanaUdongo: Wakuu habari zenu, nimekwama. Nimepima udongo kwa eksirei fluresensi (unaupiga eksirei, kila elementi inarudisha eksirei yake), nikausaga laini nikaukandamiza kuwa kidonge, potasiamu ikasoma asilimia 2 na ushee. Udongo huohuo kuuloweka kwenye amoniamu asetati (dawa ya maabara ya kutoa potasiamu) imetoka kiduchu, na majani ya chini yanaungua pembeni kabisa, yani njaa ya potasiamu waziwazi. Mashine imekosea? Na nikipeleka kwenye mtambo wa nyuklia udongo ukapigwa nyutroni ntapata jibu linaloeleweka?

Gama_1525: Mashine haijakosea mkuu. Eksirei inahesabu atomu zote, haijali zimekaa wapi. Potasiamu nyingi ya udongo imefungwa ndani ya madini kama feldispa na maika, mzizi hauipati mpaka yalike taratibu miaka na miaka. Ile ya amoniamu asetati ndo imeshikwa juujuu kwenye chembe za mfinyanzi, hiyo ndo chakula cha mmea. Nyutroni nazo zitakupa jumla ileile, potasiamu-41 inameza nyutroni inakuwa potasiamu-42, nusu uhai (muda wa nusu yake kuisha) masaa 12 na kidogo, inatoa mionzi ya gama ya keV 1525 (keV ni kipimo cha nishati) ndo wanayohesabu. Kwa manganisi na zinki ni kipimo kizuri mno, ila zinki-65 subiri wiki kadhaa elementi zenye mionzi ya muda mfupi zife kwanza.

Kidonge: Naongezea, fosforasi usiitegemee kwa nyutroni, inageuka fosforasi-32 inayotoa beta tupu (aina nyingine ya mionzi), ditekta ya gama haioni kitu. Kwenye eksirei nako mstari wake keV 2.01 uko jirani na silikoni 1.74, na udongo umejaa silikoni, afu eksirei dhaifu hivyo inamezwa na hewa, kwa hiyo tumia vakyumu au heliamu. Nitrojeni sahau kabisa. Uliweka sampuli ya rejea, yani udongo ambao viwango vyake vinajulikana? Mi napima IAEA Soil-7, ya shirika la kimataifa la atomiki, pembeni, isiposoma sawa sitoi namba hata moja.

MwanaUdongo: Niliweka, ikasoma vizuri, ndo maana nikachanganyikiwa. Sasa kujua mmea unakula kiasi gani kwa njia ya nyuklia haiwezekani?

Gama_1525: Inawezekana, kwa kufuatilia isotopu, yani atomu za elementi ileile zenye uzito tofauti. Unaweka mbolea yenye nitrojeni-15, haina mionzi hiyo, afu unapima mmea umechukua ngapi. Fosforasi unatumia fosforasi-32, hapo unahesabu beta zake, si gama. Potasiamu yako baki na amoniamu asetati, tia mbolea kipande kidogo uone. Majani yaliyokwisha kuungua hayarudi, angalia yanayofuata.