MJADALA: Viumbe wadogo wanaoingia na mawe hai kwenye tangi la maji chumvi, tuwaue wote au tuwaache?

Mwenye mada:

Wiki ya tatu tangu niweke mawe hai, yaani vipande vya miamba vyenye viumbe vya bahari, kwenye tangi langu, niliamka usiku nikawasha tochi kuangalia kama pampu inazunguka. Kioo kizima kilikuwa na vidoa vyeupe vinavyotembea. Vingine vilirukaruka, vingine vikateleza taratibu. Chini ya jiwe kubwa kulikuwa na mnyoo wa rangi ya waridi, urefu wa kidole, mwenye nywele nyeupe ubavuni kote. Mwanga ulipomgusa alijivuta tunduni mara moja.

Asubuhi nikauliza. Aliyeniuzia mawe alisema nitoe yote, niyachemshe, nianze upya. Rafiki yangu aliyefuga samaki wa baharini miaka mingi akasema nisiguse kitu. Nimesoma tangu siku hiyo, na sasa nina msimamo ambao nataka tuujadili: tunaua haraka mno, na mara nyingi tunamuua asiye na kosa.

Wale wa kwenye kioo ni kopepodi na amfipodi, jamaa wa kamba na kaa. Wanakula utando wa mwani na mabaki ya chakula, nao wanaliwa na samaki. Kuna samaki mandarini, Synchiropus splendidus, yule mwenye michoro ya buluu na rangi ya chungwa, ambaye siku nzima hudonoa viumbe hawa juu ya mawe. Mweke kwenye tangi lisilo nao, na mara nyingi atakonda hadi afe huku chakula cha pakiti kikielea mbele ya mdomo wake. Mnyoo wa nywele naye, kwa aina nyingi tunazozipata, ni mla mizoga. Samaki akifia nyuma ya jiwe mahali ambapo mkono haufiki, huyo ndiye anayemmaliza kabla hajaoza na kupandisha amonia, sumu inayotokana na uozo.

Jiwe hai linaitwa hivyo kwa sababu ya uhai uliomo. Tunalichukua kwa ajili ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti, halafu tunashtuka kukuta bakteria hawakuja peke yao. Nauliza: anayeanza afundishwe kumuua kila ambaye hakumleta mwenyewe, au afundishwe kumtambua kwanza?

Jiwe Kavu:

Mwenye mada, nakupinga, na nakupinga kwa sababu nimeishi hayo.

Nilianza kwa moyo kama wako. Nikaona kitu chenye mikono myembamba ya kahawia, kidogo kama punje ya mchele, nikakiona kizuri. Kilikuwa aiptasia, aina ya anemoni wa baharini anayeunguza na kuenea haraka. Nilipoamua kumng'oa nilimkata kwa kibano, na kila kipande cha nyayo yake kilichobaki kwenye jiwe kilichipua kingine. Baada ya miezi michache nilikuwa nazo zaidi ya nilizoweza kuhesabu, zikiunguza matumbawe kwa mikono yao. Kisha nikaanza kusikia mlio wa "ta! ta!" usiku. Konokono wakabaki maganda yaliyopasuliwa, samaki wadogo wakapotea mmoja mmoja. Alikuwa kamba mwenye mikono ya kukunja kama vunjajungu. Aina yao kubwa, Odontodactylus scyllarus, hupiga kwa kasi ya karibu mita 23 kwa sekunde, na hakuna ganda la konokono wa tangini linalostahimili hilo.

Mwaka 2009 kule Newquay, Uingereza, wafanyakazi wa akwariamu ya kuonyesha samaki walikuta matumbawe yamekatwa na samaki wanajeruhiwa. Ilibidi walivunje pambo lao jiwe kwa jiwe hadi wakampata mnyoo wa zaidi ya mita moja aliyejificha humo muda wote. Watu hao kazi yao ni kutazama maji kila siku. Wewe na mimi tunatazama tukirudi nyumbani tumechoka.

Ushauri wangu haubadiliki. Anza na jiwe kavu lisilo na kiumbe hai, tia bakteria wa chupa, ngoja hadi amonia na naitraiti zisome sifuri, kisha kila tumbawe jipya lichovywe kwenye dawa na likae karantini. Kinachoingia kiwe kile ulichokikusudia.

Tochi ya Usiku:

Kabla hamjaenda mbali, tafadhali nisikilizeni kwanza kuhusu kuchemsha. Hili halina pande mbili.

Juu ya mawe mengi hai kuna zoanthidi na Palythoa, vile vinavyofanana na vifungo vya nguo vyenye pindo la nywele. Baadhi yao wana palitoksini, moja ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana kutoka baharini. Moto wa sufuria hautegemewi kuiondoa, na mvuke huisambaza hewani. Kuna familia zilizolazwa hospitali, wengine wakiwa usingizini chumba cha pili, kwa sababu mtu mmoja alichemsha mawe jikoni au aliyamwagia maji ya moto. Homa, kikohozi, kifua kubana, moyo kwenda vibaya. Jiwe la baharini lisichemshwe, lisimwagiwe maji ya moto, lisisuguliwe bila glavu na miwani ya kinga. Mwenye mada, aliyekupa ushauri ule hakujua alichokuwa anakwambia, nami nafurahi kwamba uliuliza mara ya pili.

Nikirudi kwenye hoja. Jiwe Kavu amesema kweli tupu kuhusu aiptasia na yule kamba. Ninapoachana naye ni pale anapodhani kuna tangi safi. Kuchovya tumbawe kunawaangusha waliokomaa, lakini mayai mara nyingi yanabaki. Wanaofuga Acropora, matumbawe yenye matawi, wanamjua mnyoo bapa anayeitwa Prosthiostomum acroporae: unachovya, unaona minyoo imeanguka chini ya bakuli, unafurahi, na baada ya wiki kadhaa mayai yaliyogandana chini ya tawi yameanguliwa. Na tangi la jiwe kavu nalo lina deni lake. Mahali penye uso mtupu wa kukaliwa, anayewahi ndiye anayekaa, na wengi wetu tumeona anayewahi akiwa dinoflagelata, ule utelezi wa kahawia wenye mapovu unaofunika mchanga kwa miezi. Walioanza na mawe yenye viumbe wengi huusimulia kwa nadra zaidi. Sisemi ni kanuni, nasema ni jambo nililoliona mara nyingi mno kulipuuza.

Halafu kuna namna tunavyoua. Mtu anaona minyoo bapa wekundu wametapakaa, anamwaga dawa usiku mmoja. Wale minyoo wanapokufa kwa wingi wanaachia sumu yao majini, na samaki wanafuata. Ukilazimika, fyonza kwanza wengi uwezavyo kwa bomba, ndipo utie dawa, na uwe na mkaa wa kuchujia na maji mapya yaliyokwisha kuandaliwa kando. Mwingine anatia dawa ya shaba kwenye tangi kuu. Shaba inawaua kamba, konokono na matumbawe, na inanyonywa na mawe na mchanga ikaendelea kutoka kidogo kidogo baadaye. Hata ukifanikiwa kuua kila kitu bila sumu ya ziada, mizoga elfu moja ndani ya maji lita mia mbili ni amonia.

Kosa ninalolikuta zaidi ni la kumhukumu mtu kwa kumkuta eneo la tukio. Tumbawe limekufa, mnyoo wa nywele yuko juu yake, basi kesi imekwisha. Mara nyingi tumbawe lilikuwa linakufa kwa chumvi iliyopanda au mwanga uliozidi, na mnyoo kafuata harufu. Yupo wa ukoo wake anayekula matumbawe kweli, Hermodice carunculata, mwenye vishada vyekundu karibu na miguu yake. Kwa hiyo mtazame vishada, mtazame usiku mbili tatu kwa tochi yenye mwanga mwekundu, umwone akianza kula kitu kizima ndipo umtoe. Na usimshike kwa mkono mtupu, nywele zake huvunjikia ngozini na kuwasha siku nzima.

Mwanagenzi:

Samahanini wakubwa. Vidoa vyeupe kwenye kioo na vidoa vyeupe kwenye samaki ni kitu kimoja? Naogopa.

Tochi ya Usiku:

Hapana, na umeuliza vizuri. Vya kwenye kioo vinavyotembea ni kopepodi na wenzao. Ukiona vimeganda na vimejikunja kama konokono wa upana wa kichwa cha pini, ni minyoo ya spirobidi, wanachuja maji tu, waache.

Vya kwenye samaki, kama chembe za chumvi zilizomwagika mapezini, huenda ni kimelea aitwaye Cryptocaryon irritans. Huyo haonekani akitembea kiooni. Anakaa kwenye samaki, anaanguka, anajifunga kifuko mawe na mchanga vilipo, kisha anatoka wengi kutafuta samaki mwingine. Samaki wote wahamishiwe tangi la matibabu, na tangi kuu likae bila samaki. Wengi hufuata siku 76. Kopepodi wako hawatadhurika kwa kusubiri.

Ila yupo mmoja unayepaswa kumwogopa: isopodi wa jamii ya sirolanidi. Anafanana na chawa mwenye macho makubwa, na utamkuta amemng'ang'ania samaki. Huyo simtetei. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, kwa hiyo mtego na subira.

Jiwe Kavu:

Hapo umekubali mwenyewe kwamba yupo wa kuuawa bila kesi. Mwanagenzi atamtofautishaje isopodi mwenye macho makubwa na isopodi asiye na hatia, saa nane za usiku, kiumbe chenye milimita tano kinachokimbia? Mimi naandika kwa ajili ya huyo. Utaalamu wako umeujenga kwa miaka na kwa samaki waliokufa. Kumwambia anayeanza "tambua kwanza" ni kumwambia awe wewe.

Kasa:

Niingie kwa upande mwingine, maana mnajadili kana kwamba mambo yote yanaishia kwenye kioo.

Mawe hai mengi yametoka kwenye miamba ya bahari. Kila kipande kilikuwa nyumba ya mtu. Kama mpango wako ni kuua kila kilichomo, sioni kwa nini kilitolewa. Chukua jiwe kavu tangu mwanzo, au jiwe lililopandwa na watu likakaa baharini kukusanya uhai kisha likavunwa. Katika hilo Jiwe Kavu ninamuunga mkono kuliko anavyotarajia. Nisiyemwelewa ni anayenunua jiwe lililojaa uhai ili aliue nyumbani.

Na kuna wanaosema, "sitaki kuua, namrudisha baharini". Nia ni njema, tendo ni baya. Mwani uitwao Caulerpa taxifolia ulipendwa matangini kwa uzuri wake. Mwaka 1984 ulionekana ukiota baharini mbele ya Monaco, kisha ukasambaa Bahari ya Mediteranea na kufunika sakafu ya bahari mahali pengi. Mwaka 2000 ukakutwa kwenye ziwa la pwani la Agua Hedionda, California. Ilibidi wapiga mbizi waufunike kwa maturubai na kutia klorini chini yake, na ushindi ukatangazwa mwaka 2006. Miaka sita, kwa sababu ya kitu kilichoweza kukaa kwenye kiganja. Usemi wa "si ndiko kwao" haufai hata ukikaa karibu na bahari, kwa sababu tangini wamechangamana na wageni wa bahari nyingine pamoja na magonjwa yao. Maji ya kusuuzia mawe yasimwagwe mferejini unaokwenda baharini. Anayepaswa kufa agandishwe kwenye friza, kisha azikwe au atupwe na taka.

Mwanagenzi:

Mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo, nikidhani ninatenda wema. Asante kwa kuniambia bila kunitukana.

Mwenye mada:

Nimesoma yote mara mbili. Jiwe Kavu, hoja yako ya saa nane za usiku imenikaa. Sina jibu kamili. Ninalo jibu la nusu: anayeanza asitakiwe kuwajua wote, atakiwe kuwajua wachache wabaya. Aiptasia, kamba wa kupiga, sirolanidi, mnyoo mwenye vishada vyekundu. Wanne hao mtu anaweza kuonyeshwa kwa picha kwa jioni moja, na akimkuta asiye miongoni mwao asubiri na atazame. Ni kazi ndogo kuliko kuwajua mamia wasio na neno. Naendelea kushikilia hilo, ila sasa naongeza kwamba anayejua hataitazama ile picha, au hatapata muda wa usiku, achukue njia yako ya jiwe kavu bila kuonewa.

Kasa, kuhusu friza nimekubali pale pale.

Mnyoo wangu wa waridi hana vishada vyekundu. Nimemwacha. Kwenye jiwe la kushoto nimekuta aiptasia mbili kweli, na leo nimezima pampu nikazifunika mdomo na mwili kwa uji mzito wa chokaa ya kalsiamu haidroksaidi, bila kukata. Nimengoja zikafunikwa kabisa kabla ya kuwasha tena. Usiku wa jana nilisikia mlio mmoja kutoka nyuma ya mawe, "ta", mara moja tu. Huenda ni kamba-bastola, ambaye hupiga mlio kama huo na hawasumbui wengi, na huenda ni yule wa Jiwe Kavu. Nimelaza chupa yenye shingo nyembamba na kipande cha nyama ya kamba ndani. Nitaitazama kabla hakujapambazuka, na nitaleta picha ya atakayekuwamo kabla sijaamua lolote.