Kwaya yetu Kisumu inataka msimu wa matamasha 4 na mimi naogopa. Naomba ushauri

Katibu_Soprano
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kwaya moja ya jiji hapa Kisumu. Si kwaya ya kanisa moja. Tuko na Waanglikana, Wakatoliki, Waadventista na wengine ambao wanapenda tu kuimba. Kwenye daftari tuko 42, lakini wanaofika mazoezi ya Jumanne jioni ni 31: sauti za kike ni soprano 11 na alto 9, za kiume ni besi 7 na tena 4.

Kamati imepitisha kwamba mwaka ujao tufanye msimu mzima wa matamasha 4, yaani Pasaka, Juni, Agosti na Desemba. Pia mwalimu wetu wa kwaya anataka Desemba tuimbe Messiah ya Handel yote, ile kazi ndefu ya kwaya kuhusu Yesu, mwanzo hadi mwisho. Nampenda sana mwalimu wetu. Ndiye aliyenifundisha solfa nikiwa sijui do wala re. Ila tangu Desemba iliyopita sina amani.

Ukumbi tuliokodi siku hiyo ni wa mabati na hauna dari. Kufika saa kumi na moja jioni wingu lilikuwa limeshuka kutoka upande wa milima ya Nandi. Tulikuwa kwenye wimbo usio na kinanda, soprano tumeshika sol moja ndefu, laini. Tone la kwanza likagonga bati kama kokoto, halafu ikawa kama lori limemwaga kokoto zote. Nilimwona mwalimu akifungua mdomo kutuhesabia, sikumsikia. Kila mtu akaanza kupaza sauti ili ajisikie mwenyewe. Stima ikapotea. Iliporudi, mpiga kinanda akaingia kwa ufunguo ulioandikwa, kumbe sisi tulikuwa tumeshashuka karibu nusu toni. Wenye masikio wanajua hiyo inasikika vipi.

Baadaye nikiwa mlangoni nakusanya programu zilizobaki, mzee mmoja aliyekuwa ametoka Ahero na mkewe, amelipa kiingilio cha wawili, akanishika mkono akaniambia, "Nyara (binti yangu), nilikuja kuwasikia. Sikuwasikia." Hakuwa na hasira. Ndiyo maana yaliniuma.

Kiingilio kilikuwa shilingi 300, na bado tulibaki na deni la viti ambalo tulichangishana kumaliza. Sasa nauliza: matamasha 4 tunayaweza? Messiah nzima je? Na tuyafanyie wapi, saa ngapi, ili yule mzee akirudi atusikie?

Besi_wa_Mumias
Pole sana dada. Mimi nimeimba kwaya miaka mingi upande wa Kakamega na nitasema wazi: manne ni mengi kwa kwaya inayokutana mara moja kwa wiki.

Hebu hesabu. Mkianza Januari, hadi Pasaka mna Jumanne kama 12. Toa mbili za watu kuchelewa kurudi kutoka mashambani baada ya Krismasi. Kwa Jumanne 10 mtaandaa nini cha saa nzima? Na Pasaka inaangukia mle mle kwenye mvua za masika. Futa Pasaka.

Juni pia futa. Kama kwaya yenu ni kama yetu, nusu yenu ni walimu. Muhula wa pili ni wa Tamasha la Muziki la shule, mwalimu anafundisha wanafunzi wake hadi usiku na koo limekwisha. Mtabaki na Agosti mwishoni na Desemba. Matamasha 2 yaliyoiva ni msimu.

Mwalimu_Solfa_Siaya
Nakubaliana na Besi kuhusu idadi, lakini nataka nikae kidogo hapo kwenye Messiah kwa sababu hapo ndipo kwaya nyingi za huku zinavunjika moyo.

Messiah nzima ina sehemu 3 na inachukua kama saa mbili na nusu. Inahitaji waimbaji pekee wa sauti zote nne. Sauti ya kwanza kabisa kusikika baada ya utangulizi wa ala ni ya tena, akiwa peke yake, hana pa kujificha. Halafu kwaya yenyewe ina zile mbio za nota ndogo ndogo, kila sauti ikikimbia kwa zamu. Tena 4 wakikimbia mbele ya soprano 11, msikilizaji atasikia soprano na vumbi. Hilo si kosa la tena wenu. Ni hesabu tu.

Ushauri wangu: Agosti chukueni Gloria ya Vivaldi, wimbo wa sifa wa Misa, ile maarufu ya Re kubwa. Ina vipande 12 na ni kama nusu saa tu. Vivaldi aliiandikia taasisi ya wasichana yatima ya Venice aliyokuwa akifundisha, ndiyo maana waimbaji pekee wote ni sauti za kike. Besi na tena wanaimba kwenye kwaya tu. Kwa kwaya yenye alto 9 imara na tena 4, ni kama mliandikiwa nyinyi. Isitoshe, Gloria ni ya Kilatini, na irabu za Kilatini cha kanisani ziko karibu sana na a, e, i, o, u zetu. Mtu wa Kisumu anaimba "Gloria in excelsis Deo" safi siku ya kwanza, ilhali kwa Kiingereza mtatumia wiki tatu mkisawazisha irabu tu.

Msidanganyike na kipande cha kwanza ambacho ni chepesi. Cha pili, "Et in terra pax", ndicho kigumu. Ni cha polepole, sauti zinaingia moja moja na nusu toni ni nyingi. Kianzeni wiki ya kwanza kabisa, bila kinanda, polepole. Na hiyo kushuka mliyoshuka Desemba haikuletwa na mvua peke yake. Mwambie mwalimu awasikilize "mi" na "ti" zenu mnapoteremka. Mara nyingi hapo ndipo kwaya inaponyong'onyea, kila mara kidogo kidogo, hadi mwisho wa ubeti mmehama nyumba.

Fundi_Mitambo_Kondele
Habari ya ukumbi mniachie mimi, kazi yangu ni kufunga vipaza sauti.

Kabla ya kulipa chochote, nenda kwenye huo ukumbi saa ile ile mtakayoimbia. Simama pale kwaya itakaposimama, piga kofi moja tu. Kofi likifa papo hapo, mtaimba na kuchoka. Likirudi kama mwangwi wa pangoni, maneno yatapotea. Likikaa kidogo halafu lilale taratibu, hapo ndipo pako. Kanisa la mawe lenye dari ya mbao kwa kawaida linakupa hiyo bure. Mabati bila dari usiyaguse tena hata ukipewa kwa nusu bei, maana hakuna mtambo nitakaoleta ukashinda mvua ya Kisumu juu ya bati.

Saa: anzeni saa tisa alasiri kamili, mmalize saa kumi na moja. Mvua zetu nyingi hujikusanya mchana na kutupata jioni. Pia watu watafika nyumbani kabla ya giza. Huku jua linazama kabla ya saa moja mwaka mzima, na mama mwenye watoto wawili hatakaa hadi usiku halafu aanze kutafuta boda.

Stima: tafuteni kinanda kinachotumia betri, au mniambie nije na betri na inveta. Jenereta hapana, itawasumbua kuliko mvua.

Alto_Mwadventista
Mama mwenzangu, hujataja siku. Naomba mfikirie Jumapili.

Sisi Waadventista huku Nyanza tuko wengi na tunapenda kwaya kuliko kitu chochote, lakini Jumamosi alasiri hutatupata mahali pa kulipa kiingilio. Ni Sabato. Na hata wasio Waadventista, Jumamosi ndiyo siku ya mazishi. Nusu ya jiji iko mashambani, Seme, Nyakach, Alego au Ugenya. Nimeona tamasha zuri likiimbiwa viti vitupu kwa sababu ya jambo hili moja. Jumapili saa tisa watu wameshatoka kanisani na wamekula. Mkiwa karibu na Kibuye kumbukeni soko la Jumapili na msongamano wake, waambieni watu wajipange mapema.

Msikilizaji_Nyalenda
Mimi siimbi, mimi ndiye mnayenitafuta ninunue tiketi. Naomba nisikike pia.

Nilienda kusikiliza kwaya moja mwaka juzi. Saa mbili za nyimbo za Ulaya, nikapiga makofi kwa heshima. Mwishoni kabisa wakaimba wimbo mmoja wa Kijaluo, nyatiti, ala yetu ya nyuzi, ikaingia, na ukumbi wote ukasimama. Nikajiuliza kwa nini ule wimbo walitupa mkiani kama kitindamlo. Kama mnataka 300 yangu mara mbili kwa mwaka, nipeni na vya kwetu, na viwe katikati.

Mwalimu_Solfa_Siaya
Msikilizaji, nakuunga mkono kabisa, na wala si kwa ajili ya tiketi tu. Nyatiti ina nyuzi 8 na sauti yake haifuniki waimbaji, kwa hiyo inakaa vizuri na kwaya ndogo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ni ngoma za nguvu. Hiyo wekeni mwisho wa nusu ya kwanza, mlango ukiwa wazi.

Onyo mbili. Dholuo na Kiluhya ni lugha za toni. Mtu akipanga wimbo kwa sauti nne bila kujali toni, neno linaweza kugeuka maana. Mtafuteni mwenye lugha akae kwenye mazoezi asikilize. Pili, Handel na Vivaldi wako huru, wamekufa zamani. Wapangaji wetu wa Kenya wengi wako hai, na hata akifariki, sheria yetu inalinda kazi yake miaka 50 baadaye. Msizitoe fotokopi hizo karatasi na kuziimba kwa kiingilio kimya kimya. Mpigieni simu, ombeni ruhusa, mlipeni kitu. Mara nyingi atafurahi hadi aje mwenyewe.

Katibu_Soprano
Ero kamano sana, nyote. Nimesoma kila neno na nimeyaandika kwenye daftari.

Kuna jambo sikuwaambia mwanzoni. Mwalimu wetu anastaafu Desemba hiyo. Messiah alianza kuiota akiwa kijana chuoni, akaimba vipande tu. Nikimwambia tuache, naona kama namnyang'anya kitu alichokisubiri miaka 30. Nitamwambiaje?

Besi_wa_Mumias
Dada, msiiache. Punguzeni, halafu iteni watu.

Sehemu ya kwanza ni ya unabii na kuzaliwa kwa Yesu, ni kama saa moja, inafaa Desemba. Malizeni na Haleluya, ingawa kwa mpangilio wake Haleluya inafunga sehemu ya pili. Kwaya kila mahali hufanya hivyo. Kisha mwandikieni barua kwaya ya Kakamega na nyingine ya Eldoret, wawaletee waimbaji wa tena na wa besi. Kakamega ni kama kilomita 50 tu, watu wa huku tukipewa nauli na chakula tunakuja. Mimi mwenyewe nakuja na wenzangu watatu. Mazoezi ya pamoja yawe mawili, ya pili siku moja kabla.

Na mwambie mwalimu kwamba mara ya kwanza kabisa Messiah kuimbwa, Dublin tarehe 13 Aprili 1742, lilikuwa tamasha la hisani, na sehemu ya pato iliwatoa watu jela waliofungwa kwa madeni. Fanyeni na yenu iwe na kusudi. Sehemu ya pato iende kwa watoto wa shule mnaowajua. Mzee kama huyo atafurahi kuagwa hivyo kuliko kuagwa kwa saa mbili na nusu za kwaya iliyochoka.

Alto_Mwadventista
Na msimwambie kwenye kamati mbele ya watu. Mwendee nyumbani na mtu mzima mwenzake.

Katibu_Soprano
Ndugu zangu, narudi na habari.

Jana jioni nilimwendea mwalimu pamoja na mwenyekiti wetu. Nilimsimulia maneno ya mzee wa Ahero, ambayo sikuwahi kumwambia. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba ile karatasi ya ratiba, akachukua penseli, akakata Pasaka na Juni mwenyewe. Kwenye Agosti akaandika "Gloria + nyatiti". Kwenye Desemba akaandika "Sehemu ya 1, na Haleluya", akaniuliza kama kweli watu wa Kakamega watakuja.

Tumepanga Jumapili, saa tisa, na Ijumaa naenda na Fundi kupiga kofi kwenye kanisa moja la mawe. Kiingilio kitabaki 300, ila tutauza kadi ya msimu kwa 500 ili mtu ahudhurie yote mawili, na wanafunzi watalipa 100. Mzee wa Ahero na mkewe hawalipi. Mwalimu mwenyewe ameomba nimtafute. Namba yake ninayo kwenye M-Pesa ya siku ile.

Sasa nimebaki na shida moja. Gloria kwa solfa, sehemu ya alto, kuna mwenye nakala inayosomeka? Tuliyonayo imefifia kuanzia kipande cha nane.

Mwalimu_Solfa_Siaya
Ninayo, nimeinakili kwa mkono na vipande vyote 12 vinasomeka. Nakuja Kisumu Alhamisi. Niambie nikuachie wapi, na uniazime hiyo yenu iliyofifia niwajazie mahali palipofutika.